Jinsi ya Kusoma Daftari la Hesabu la Mfanyabiashara wa Firenze wa Karne ya 15: Mwongozo Kamili

Kama umewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la mtaani, unalijua daftari la madeni. Juu ya ukurasa jina la mteja, chini yake sukari, mafuta ya kula, tarehe na kiasi. Akilipa, unapiga mstari. Mfanyabiashara wa Firenze wa mwaka 1420 alianzia hapohapo. Ukurasa wake una jina la mtu, na mara tu baada ya jina yanafuata maneno "de' dare", yaani anatakiwa kutoa. Ila yeye hakuishia hapo. Kila deni alilipatia pacha, kwenye ukurasa mwingine au kitabu kingine kabisa, kisha akaandika namba ya ukurasa anakokaa huyo pacha.

Kusoma vitabu hivi, basi, ni kazi ya kutafuta mapacha. Ukikimbilia kujumlisha tarakimu kabla hujajua nani anamdai nani, utapata jumla safi isiyokuambia kitu.

Mimi ni mtunza hesabu za maduka, historia sikuisomea chuoni. Niliingia humu kwa udadisi tu: nilitaka kuona kwa macho yangu mahali ilipotoka hii desturi ya debiti kushoto na krediti kulia, ambayo nimeiandika kila siku ya kazi bila kuuliza. Haya hapa chini ndiyo ninayotamani mtu angeniambia mwanzoni.

Vitabu unavipata wapi

Nenda kwanza Prato, mji mdogo karibu na Firenze. Hapo aliishi Francesco di Marco Datini, yatima wa tauni ya 1348 aliyetajirika huko Avignon kisha akarudi kwao. Alikuwa na makampuni Avignon, Prato, Firenze, Pisa, Genova, Barcelona, Valencia na Mallorca. Alifariki mwaka 1410, mali yake akaiacha kwa taasisi ya kuwasaidia maskini, na karatasi zake zikabaki nyumbani. Mwaka 1870 zilikutwa chini ya ngazi za nyumba yake: barua karibu 150,000 na vitabu vya hesabu zaidi ya 500. Leo zinatunzwa kwenye nyaraka za serikali mjini humohumo, na picha za sehemu kubwa ya barua zinapatikana kwenye intaneti.

Medici, ukoo wa wenye benki wa Firenze, wana mvuto zaidi kwa jina. Karatasi zao za kabla ya kuwa watawala wa Toscana zimo katika mfuko unaoitwa "Mediceo avanti il Principato" huko Firenze, nao picha zake zimewekwa mtandaoni. Kuna pia mkusanyo ulionunuliwa na Gordon Selfridge, yule mwenye duka kubwa la London, ambao uko Chuo Kikuu cha Harvard. Huo ni wa matawi mengine ya ukoo, watu wa sufu na hariri, kwa hiyo usiufungue ukitegemea kumkuta Lorenzo, Medici maarufu kuliko wote.

Ushauri wangu: anza na Datini. Kitabu kikikukwamisha, huenda barua ya wiki ileile ikakueleza kilichotokea, kwa hasira na kwa majina. Kwa Medici mara nyingi hesabu iko peke yake.

Andaa penseli, daftari la kunakili vifupisho, na jedwali la kompyuta lenye safu hizi: ukurasa, tarehe waliyoandika wao, tarehe yetu, jina, kutoa au kupata, kiasi, aina ya fedha, ukurasa wa pacha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo utakayoitumia kuliko zote.

Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tusiende haraka.

Familia tajiri haikuwa na kitabu kimoja, ilikuwa na ukoo wa vitabu. Chini kabisa kulikuwa na "quadernaccio". Neno "quaderno" ni daftari, na kile kiambishi cha mwisho kinafanya kazi kama ji- yetu ya dharau: jidaftari. Humo kila kitu kiliandikwa papo hapo, na karani, na kijana wa dukani, wakati mwingine kwa mwandiko wa kukwaruza. "Memoriale" ilikuwa na heshima kidogo zaidi, ikihifadhi mauzo na manunuzi ya kukumbukwa. "Entrata e uscita" ni kitabu cha fedha taslimu, zilizoingia nusu moja na zilizotoka nusu nyingine. Juu yao kuna "libro grande", daftari kuu au leja kama tunavyosema, ambamo kila mtu na kila kitu ana ukurasa wake. Na juu kabisa, ndani ya kasha lenye kufuli, kuna "libro segreto", kitabu cha siri.

Kando ya hivyo vyote kuna "ricordanze", ambacho ni kitabu cha baba mwenye nyumba. Ukurasa mmoja una kuzaliwa kwa mtoto, jina la mnyonyeshaji na mshahara wake. Unaofuata una shamba lililonunuliwa. Usikichanganye na vitabu vya kampuni. Kampuni yenyewe waliiita "ragione", na mtu mmoja angeweza kuwa na hesabu katika ragione tatu kwa wakati mmoja, pamoja na hesabu ya nyumbani.

Kwa nini ni lazima ujue? Kwa sababu tukio lilelile linaandikwa mara tatu au nne. Gunia la sufu linaanzia kwenye jidaftari, linapanda memoriale, linafika leja. Ukijumlisha vitabu vyote unamhesabia tajiri utajiri mara tatu.

Neno moja kuhusu Luca Pacioli, kwa sababu kila mtu atakutajia. Mtawa huyu Mfransisko alichapisha Venezia, mwaka 1494, kitabu kikubwa cha hesabu ambamo sehemu moja inaeleza utunzaji wa vitabu kwa mtindo wa Venezia: memoriale, jarida (kitabu cha maingizo ya siku kwa siku), leja. Hakuvumbua. Aliandika wafanyabiashara walichokuwa wakikifanya tangu zamani. Leja ya tawi la kampuni ya Farolfi mjini Salon, Provence, ya 1299 na 1300, tayari ina debiti na krediti zinazoitana. Na Firenze hawakufuata utaratibu wa Venezia neno kwa neno. Mara nyingi hutakuta jarida kabisa. Usimlaumu karani.

Hatua ya 2: Soma jalada na ukurasa wa kwanza

Vitabu viliitwa kwa rangi ya jalada na herufi: kitabu cheupe A, kitabu cheusi C, kitabu chekundu kilichotiwa alama B. Karani anapoandika "al libro bianco segnato A a c. 112" anakutuma: nenda kitabu cheupe A, ukurasa wa 112. Nakili rangi na herufi kabla ya kitu kingine chochote.

Ukurasa wa kwanza unaanza na Mungu. Wanamtaja Yeye, Bikira Maria, Yohana Mbatizaji aliye mlinzi wa Firenze, na watakatifu wengine, kisha wanaomba faida na afya ya roho na mwili. Msomaji aliyezoea kuona Bismillahi juu ya daftari la biashara hatashangaa. Datini alifupisha: "kwa jina la Mungu na la faida". Baada ya dua yanakuja mambo unayoyahitaji: kitabu ni cha nani, kinaanza mwaka gani, kina kurasa ngapi, na fedha itaandikwa kwa mfumo upi. Mistari hiyo usiiruke. Anayeiruka hurudi baadaye akiwa amechoka.

Hatua ya 3: Rekebisha tarehe

Firenze, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, siku Malaika alipompasha Maria habari. Kwa hiyo Januari, Februari na siku 24 za kwanza za Machi bado zilihesabiwa mwaka uliopita. Lorenzo de' Medici alizaliwa 1 Januari 1449 kwa hesabu yetu. Mtu wa Firenze aliandika 1448.

Mara ya kwanza nilimkuta mtu aliyekopa Novemba na kulipa Februari ya mwaka uleule. Nilikaa jioni nzima nikimtafuta mjanja aliyelipa deni kabla ya kukopa. Hakuwapo. Mjinga alikuwa mimi.

Venezia walianza mwaka tarehe 1 Machi. Pisa nao walianza 25 Machi, lakini mwaka mmoja mbele ya Firenze, hivyo kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa Desemba tarehe ya Pisa imezidi yetu kwa mwaka. Datini alikuwa na ofisi Firenze na Pisa kwa wakati mmoja, na barua zilisafiri kati yake kila mara. Ndiyo maana jedwali lako lina safu mbili za tarehe.

Hatua ya 4: Zoea mwandiko na tarakimu

Mwandiko unaitwa "mercantesca", mwandiko wa wafanyabiashara, wa mviringo, wa haraka, na herufi nyingi zimeshikana mikono. Hakuna njia ya mkato. Chukua ukurasa mmoja ulio safi, nakili kwa mkono wako mwenyewe mistari kumi, kesho kumi mingine. Ukifika siku ya saba macho yanaanza kuona maneno badala ya nyuzi. Bahati nzuri, leja inajirudia kuliko maandishi yoyote: jina, anatakiwa kutoa, siku ya, kiasi, kwa sababu ya, ukurasa wa. Ukijua maneno arobaini unasoma sehemu kubwa ya ukurasa.

Haya ndiyo ya kuanzia. "De' dare", anatakiwa kutoa. "De' avere", anatakiwa kupata. "Anne dato", ametoa katika hilo deni. "A dì", siku ya. "Portò contanti", alichukua taslimu. "Recò contanti", alileta taslimu. "Posto", imewekwa, yaani imeandikwa pia kwenye hesabu fulani. "In questo a c.", katika kitabu hikihiki ukurasa wa. "Per resto", kwa kilichobaki. "Avanzi", faida; "disavanzi", hasara. "Fattore", karani au wakala. "Corpo", mtaji, kwao mtaji ni mwili wa kampuni, na fedha zilizowekwa juu yake ni "sopraccorpo", juu ya mwili. Neno hilo nimelipenda, natamani tungekuwa nalo.

Tarakimu mara nyingi ni za Kirumi, hata karne mbili baada ya Wataliano kuzijua hizi tunazotumia. Mwaka 1299 chama cha mabenki cha Firenze, Arte del Cambio, kilikataza kabisa tarakimu mpya kwenye vitabu, kwa kuwa sifuri inageuzwa sita kwa kuongeza mkia tu. Tahadhari hiyohiyo utaiona kwenye i ya mwisho: wanaandika viij, siyo viii, ili asitokee mtu wa kuongeza kijiti baadaye. Na herufi c ndogo ikipanda juu ya namba ni mia: iiij yenye c juu yake ni 400.

Hatua ya 5: Tengeneza jedwali la fedha

Hapa usikimbie.

Firenze ilikuwa na fedha za aina mbili zilizoishi pamoja bila kufungwa kamba. Ya dhahabu ni florini, iliyoanza kupigwa 1252, gramu tatu na nusu hivi. Matajiri walifanyia biashara hiyo. Ya fedha, na baadaye fedha iliyochanganywa sana na shaba, ni "piccioli", hela ndogo za sokoni na za mishahara. Piccioli zilihesabiwa hivi: lira 1 ni soldi 20, soldo 1 ni denari 12. Uhusiano wa florini na lira ulibadilika muda wote, na kwa jumla dhidi ya mwenye hela ndogo: mwaka 1252 florini ilikuwa lira 1, miaka ya 1420 ilikaribia lire 4, kufikia 1500 ilikuwa kama lire 7. Fundi alilipwa piccioli, bosi wake akauza kwa florini. Msomaji wa nchi ambayo bei za vitu vikubwa zinatajwa kwa dola na mshahara unalipwa kwa shilingi ataelewa bila kuchorewa picha.

Sasa, vitabuni florini nayo iligawanywa, kwa kuhesabu tu, bila sarafu halisi. Mfumo mmoja uliigawa katika soldi 20 na denari 240 "a oro". Mwingine, "a fiorino", ulihesabu soldi 29 kwa florini moja, kwa hiyo lira ya mfumo huo si florini, ni sehemu 20 kati ya 29 za florini. Kosa la kuchanganya hiyo miwili linakuharibia kitabu kizima, na ndiyo maana nilisema ukurasa wa kwanza usiruke.

Venezia ni dunia nyingine: dukati 1 ni grossi 24, na lira ya grossi ni dukati 10.

Jaribu kujumlisha kwa mkono mara moja ili uzoee. Florini 3 soldi 15 denari 8, ongeza florini 1 soldi 9 denari 7, zote a oro. Denari 15 ni soldo 1 na denari 3. Soldi 15 na 9 na ile 1 ni 25, yaani florini 1 na soldi 5. Jumla florini 5 soldi 5 denari 3. Halafu waza kwamba karani aliye darasani tangu ana miaka kumi na moja alifanya hivi kichwani.

Hatua ya 6: Fungua ingizo moja kama unavyomenya chungwa

Mfano huu nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wao, usiutafute kwenye nyaraka:

"Matteo di Piero tintore de' dare a dì 12 di febraio 1426 fiorini 3 s. 15 d. 8 a oro, portò contanti, posto cassa debbi avere in questo a c. 40."

Matteo mwana wa Piero, mtia rangi vitambaa, anatakiwa kutoa. Tarehe 12 Februari 1426, ambayo kwetu ni 1427. Kiasi kipo. Alichukua taslimu. Na sehemu tamu ni ya mwisho: imewekwa kwenye hesabu ya kasha la fedha, upande wa kupata, katika kitabu hikihiki ukurasa wa 40.

Ona jinsi kasha linavyosemwa kama mtu. Kasha limetoa hela, kwa hiyo kasha linatakiwa kupata. Ukishika hilo, umeshika uwekaji hesabu wa maingizo mawili mzima. Mwalimu wangu aliniambia nikariri kanuni; karani wa Firenze angeniambia tu niwaze kwamba kasha nalo lina haki zake.

Tuseme mwezi Machi Matteo anachukua tena florini 1 soldi 9 denari 7. Upande wa kushoto una jumla tuliyoipata hapo juu, 5, 5, 3. Upande wa kulia unaanza kujazwa. Tarehe 30 Aprili 1427 anadai ujira wa kutia rangi, lire 6 soldi 10 za piccioli. Kwa florini kuwa lire 4, hizo ni soldi 130 gawa kwa 80: florini 1 soldi 12 denari 6. Mwezi Juni analeta florini 2 taslimu. Zinabaki florini 1 soldi 12 denari 9.

Angalia muda. Ukisoma kwa macho ya leo, Februari 1426 hadi Aprili 1427 ni miezi kumi na minne ya kusubiri. Ukweli ni miezi miwili na nusu. Mtu angeandika makala nzima kuhusu uvumilivu wa wadai wa Firenze juu ya kosa hilo.

Hatua ya 7: Mfuate pacha

Kabla ya kugeuza kurasa, jua kwamba namba hazikai kama zetu. Kwenye leja za mtindo wa Venezia, ulioenea Toscana kuelekea mwisho wa karne ya 14, kurasa mbili zinazotazamana zina namba moja: kushoto kutoa, kulia kupata. Ukurasa wa 40, kwa hiyo, ni upana wote wa kitabu kilichofunguliwa. Kwenye leja za zamani zaidi debiti na krediti zinafuatana juu na chini, au debiti zote ziko nusu ya mbele na krediti nusu ya nyuma.

Nenda 40, tafuta kasha, upande wa kupata, tarehe 12 Februari. Kiasi kikilingana, tia alama kwenye jedwali lako na uendelee. Kisipolingana, usiseme umekamata mwizi. Kwanza angalia kama ulichanganya mifumo ya fedha. Pili, angalia kama ingizo la kasha limeunganishwa na mengine ya siku hiyo. Tatu, tazama kama namba ya ukurasa ulisoma x mahali pa v. Ni baada ya hayo ndipo unaweza kuanza kumtilia karani shaka.

Ule ujira wa kutia rangi pacha wake hayuko kwenye kasha, kwa kuwa hakuna hela iliyotembea. Yuko kwenye hesabu ya vitambaa, upande wa kutoa. Kitambaa kimepokea rangi, kitambaa kinadaiwa.

Mistari ya kukatiza ukurasa mzima isikutishe. Haimaanishi kosa, inamaanisha hesabu imefungwa. Ni mstari uleule wa daftari la dukani.

Hatua ya 8: Hesabu ambazo si za watu

Tafuta "masserizie", vyombo vya nyumba. "Spese di casa", matumizi ya nyumbani. Na "avanzi e disavanzi", faida na hasara, ambako kila kitu kinamiminikia mwishoni. Zipite haraka zikikuchosha, isipokuwa hesabu mbili.

Ya kwanza ni ya Mungu. Makampuni makubwa ya Firenze ya kabla ya tauni, kama ya Bardi, yalimfungulia Mungu hesabu kwa jina la Messer Domeneddio, Bwana Mungu, na kumpa fungu la faida kama mbia. Fungu hilo lilikwenda kwa maskini. Bardi walianguka mwaka 1346, baada ya kumkopesha mno mfalme Edward III wa Uingereza pamoja na balaa nyingine.

Ya pili ni neno "schiava", mtumwa mwanamke. Wengi waliletwa kutoka pande za Bahari Nyeusi, na bei zao zimeandikwa kwa mkono uleule ulioandika bei ya pilipili. Nyumbani kwa Datini alikuwapo Lucia, aliyemzalia bosi wake binti, Ginevra, mwaka 1392. Ginevra alipoolewa mwaka 1407 Datini alimtolea florini 1,000. Hizo tuziite fedha za bibi arusi. Si mahari tunayoijua, kwa kuwa kule mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, na familia yenye mabinti wengi ilitetemeka. Firenze ilianzisha hata mfuko wa serikali wa kuwawekea mabinti akiba hiyo, mwaka 1425.

Hatua ya 9: Riba ilijificha wapi

Kanisa lilikataza riba, na ukitafuta neno hilo kwenye leja za mabenki hutalikuta. Angalia mahali pawili.

Kwanza, amana zilizowekwa "a discrezione". Mweka amana hakuahidiwa chochote. Benki, kwa hiari yake, ilimpa zawadi mwisho wa mwaka. Zawadi hiyo ikawa inafika kila mwaka, kwa kiwango kinachofanana.

Pili, "lettera di cambio", hawala. Tuseme mjini Venezia natoa dukati 1,000, na kwa kila moja naahidiwa peni 47 za Kiingereza, zilipwe London baada ya miezi mitatu, muda wa kawaida wa njia hiyo. London wakala wangu anapokea peni 47,000 na kunirudishia kwa hawala nyingine, kwa bei ya huko, peni 44 kwa dukati. Miezi sita baadaye napokea dukati 1,068. Hakuna riba: kuna bei mbili za fedha katika miji miwili, na hatari ya kwamba bei zingegeuka. Wanateolojia walibishana, wafanyabiashara waliandika faida hiyo chini ya "kubadilisha fedha". Kwa hiyo ukikuta hesabu hiyo imenona kuliko biashara ya kitambaa, umeshajua kinachoendelea.

Katika hesabu za hawala utaona pia "nostro" na "vostro", yetu na yenu, zikitofautisha fedha yangu iliyo kwako na yako iliyo kwangu. Maneno hayo benki wanayatumia hadi leo.

Hatua ya 10: Sasa fungua kitabu cha siri

Libro segreto kina mtaji wa kila mbia, mgawo wa faida, na wakati mwingine mishahara ya makarani ambayo wenzao hawakutakiwa kuijua. Vitatu vya benki ya Medici vilitambuliwa mwaka 1950 na Raymond de Roover na mkewe Florence Edler de Roover. Viko kwenye furushi namba 153 la Mediceo avanti il Principato, ule mfuko wa Firenze nilioutaja mwanzoni. Vinaanza 1397, Giovanni di Bicci, mwanzilishi wa benki hiyo, anapohamishia makao Firenze. Mtaji ulikuwa florini 10,000, na 5,500 ni zake.

Kufikia 1420 faida ilikuwa imefika florini 151,820, na zaidi ya nusu ilitoka tawi la Roma. Siyo sufu, siyo hariri. Ni fedha za Papa zilizokusanywa pande zote za Ulaya. Jambo hilo huwezi kuliona kwenye leja ya tawi moja.

Ukitaka kupima ukweli wa mtu, linganisha na "catasto" ya 1427, kodi iliyomlazimu kila mwenye kaya Firenze na maeneo yake, karibu kaya 60,000, kuandika mali na madeni yake. Mtu yuleyule, mwaka uleule, mbele ya mtoza kodi na mbele ya kasha lake. Mahali hadithi hizo mbili zinapotofautiana, kaa hapo muda mrefu.

Na vitabu vilivyofuata vinafika mbali. Mfanyabiashara wa Firenze aliyehamia Lisbon, Bartolomeo Marchionni, aliweka fedha kwenye meli moja ya msafara wa Cabral, nahodha wa Kireno aliyekuwa njiani kwenda India, uliotia nanga Kilwa na Malindi mwaka 1500. Pwani yetu iliingia kwenye hesabu zao kama gharama ya safari.

Kitabu kikiisha katikati ya deni

Itakutokea. Matteo wetu alibakiza florini 1 soldi 12 denari 9, na upande wake wa kulia unafungwa kwa mstari huu: "per resto", kilichobaki, kimewekwa kitabu cheusi B, ukurasa wa 7. Jumlisha: 1, 12, 6 na 2 na 1, 12, 9 ni 5, 5, 3. Pande mbili sawa, hesabu imefungwa, deni limehama.

Unatafuta kitabu B. Hakipo, kimeliwa na panya, au kiliuzwa kwa mtu wa kufunga siagi. Jaribu kwanza entrata e uscita ya mwaka uliofuata, maana hela ikirudi itaonekana hapo hata leja ikipotea. Ikikosekana, jaribu memoriale. Vyote vikishindikana, kumbuka kwamba Matteo alikuwa fundi mwenye kazi, na aliyetiliwa rangi vitambaa na Matteo si bosi huyu peke yake. Waliomjua nao walikuwa na vitabu. Na kama yeye mwenyewe alikuwa na kijitabu, basi humo deni limegeuka upande: pale kampuni ilipoandika anatakiwa kutoa, yeye ameandika wanatakiwa kupata. Tafuta jina la kampuni, siyo lake.